Mkono Unaoshika Kikombe

Consuelo, 14 Machi 1988

Kaka Osvaldo,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mama hajambo, ila macho yanazidi kumtoroka. Juzi alimsema mbuzi wa jirani kwa muda mrefu akidhani ni Fermín wa dukani, na Fermín mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anacheka. Anasema mbuzi kapokea maonyo vizuri kuliko yeye. Kiwanda kinasaga miwa mchana kutwa na majivu yanatua kwenye kila nguo ninayoanika. Ukiona shati la Denzil lina madoadoa, si uchafu, ni Consuelo hiyo.

Sasa lenyewe. Nadhani Denzil wangu ameshafika kwako. Alipopanda basi la kwenda uwanja wa ndege sikulia, nilingoja basi likate kona kwanza. Watu hapa wanasema nina bahati: wenzangu wanawakabidhi vijana wao kwa mawakala wasiowajua, mimi nimempeleka wangu kwa mjomba wake, tena mrushaji wa besiboli aliyezunguka dunia. Ninawaitikia. Lakini, kaka, kila Krismasi ni mimi ninayekufunga kifungo cha kola, kwa sababu tangu uliporudi kutoka Nicaragua mkono wako wa kulia haufiki shingoni. Na mimi ndiye niliyekuwa mdakaji wako pale uani, nikiwa na glavu ya boksi la maziwa na meno ya utotoni. Mkono ule niliujua ulipokuwa mzima.

Nimekukabidhi mtoto mwenye mikono miwili iliyonyooka. Nirudishie hivyo hivyo. Akirudi na jina kubwa sawa, asipokuwa nalo pia sawa.

Mdogo wako,
Clarisa


San Jacinto, 11 Aprili 1988

Mdogo wangu Clarisa,

Barua yako imefika, nadhani imekuja kwa punda. Mimi mzima. Huku hakuna majivu, kuna vumbi, na chakula ni pilipili juu ya pilipili. Wiki ya kwanza Denzil alitoka machozi mezani, wenzake wakadhani anamlilia mama yake, wakamsogezea pilipili nyingine kumfariji. Mwambie Mama namkumbuka yeye na domplín zake, yale madonge ya unga ya kuchemsha, ila zaidi domplín.

Don Ramiro, mwenye timu, alinitambulisha kwa vijana hivi: "Huyu ndiye Phipps, kocha wenu wa kurusha. Kavaa jezi nyingi kuliko kamba ya kuanikia nguo." Wakacheka, nami nikacheka. Hakusema uongo. Managua, Ponce, Maracaibo, na miji ya kaskazini ambayo sikuijua sura yake, maana tulikuwa tunafika kwa basi na kuondoka kwa basi. Wiki moja tu waliniita juu kabisa kwenye ligi ya wakubwa. Nikakaa benchi, nikala karanga, wakanirudisha. Hayo ndiyo maisha yangu ya besiboli, na sasa nawafundisha wengine.

Mwanao ana kipaji, sitakuficha. Juzi alirusha raundi tano kati ya tisa na wapinzani hawakupata pigo hata moja, jambo ambalo mrushaji akilifikisha mwisho hukumbukwa maisha yake yote. Sasa kuna kijana mmoja mshamba wa benchi akasema kwa sauti, "Jamani, hawajampiga hata moja!" Mpira uliofuata ukapigwa mpaka ukutani. Unajua watu wetu walivyo na jambo hilo. Walimsusia yule kijana, mabegi yote akabeba yeye safari nzima, na chumvi wakamwaga kitandani kwake. Nilikumbuka siku ile Mama alipokuja uwanjani na chungu cha wali akaniuliza mbele ya watu, "Osvaldo, wamekupiga mara ngapi?" Wachezaji wote wakaenda kujificha nyuma ya miwa. Jambo zuri likiwa linatendeka halisemwi, wala anayelitenda hasemeshwi.

Usiogope. Ninauangalia mkono wake kuliko ninavyouangalia wangu.

Kaka yako,
Osvaldo


Consuelo, 22 Mei 1988

Kaka,

Sote wazima. Mama anauliza kama huko mnasali au mnacheza tu hata Jumapili. Nimemwambia mnasali uwanjani, hasa mkiwa mnafungwa. Mvua imeanza, kiwanda kimenyamaza, na Fermín ameleta redio mpya dukani, basi hatulali mchana.

Denzil alinipigia simu Alhamisi. Nilitembea mpaka ofisi ya simu, nikapanga foleni, nikamsikia sauti imekuwa nzito. Tulichozungumza siwezi kukwambia. Aliniapisha kwa kaburi la baba yetu, na nikaapa kabla sijajua ninaapia nini, mjinga mimi. Kwa hiyo sisemi.

Nakuuliza tu la nyumbani. Siku hizi Denzil anashika kikombe cha kahawa kwa mkono gani?

Unakumbuka mwaka uliorudi kutoka Nicaragua. Ulikaa pale jikoni ukatuambia umechoka tu, safari ilikuwa ndefu. Mama alikupa kahawa, ukapokea kwa mkono wa kushoto, akaenda nje akalia karibu na pipa la maji. Alijua kabla ya daktari. Halafu kiangazi kilichofuata wakakukata jina kwenye timu.

Mwangalie asubuhi, kabla hajakumbuka kwamba anaangaliwa. Sina la zaidi. Ninaogopa, na kuogopa kwa mbali ni kubaya kuliko kuogopa kwa karibu, kwa sababu hakuna cha kushika.

Clarisa


San Jacinto, 19 Juni 1988

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi sijambo, joto tu limezidi, mpaka wachezaji wanaweka majani ya kabichi yenye barafu ndani ya kofia. Nimecheka hiyo habari ya redio ya Fermín.

Kuna mapya. Timu ilipoteza michezo mfululizo, Don Ramiro akamfukuza kocha mkuu palepale kwenye maegesho, basi likiwa linaunguruma. Kisha akanivika mimi kofia yake. "Phipps, jifanye unajua," akaniambia. Kwa hiyo sasa mimi ndiye kocha mkuu, dada, baada ya miaka yote hii ya kubeba sanduku. Ofisi yangu ina feni na dirisha. Nimeweka picha ya Baba ukutani.

Denzil anarusha vizuri na gazeti la hapa limemwandika mara mbili. Don Ramiro anataka arushe kila mara baada ya siku tatu badala ya nne, kwa sababu watazamaji kutoka ligi ya wakubwa, wale wanaochagua vijana, watakuja mwezi ujao na hataki waje siku kijana amepumzika. Nimemwambia nitafikiria. Akasema kocha aliyemfukuza naye alikuwa anapenda kufikiria.

Kuhusu vikombe, huku joto hili watu wanakunywa soda kwa chupa. Mkono wa kijana nimeushika mwenyewe, uko sawa.

Mbusu Mama.
Osvaldo


Consuelo, 10 Julai 1988

Osvaldo,

Sitaandika habari za nyumbani, utanisamehe.

Sikukuuliza kuhusu soda. Nilikaa nimechuchumaa mbele yako utoto wangu wote nikikuonyesha kwa vidole mpira gani urushe, na wewe ukiwa hutaki ninachokuomba unatikisa kichwa. Barua yako nzima ni kichwa kinachotikiswa. Ungekuwa hujaona kitu ungenijibu kwa neno moja, kulia.

Umepata kofia, nimefurahi. Kofia hiyo isije ikawa imeshuka mpaka machoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe na Denzil mnaficha wawili ugonjwa wa mmoja. Namwota anakuja nyumbani, anasimama mlangoni, ananiomba nimfunge kifungo cha kola. Nikiamka naogopa hata kusema ndoto yenyewe kwa Mama.

Nijibu.
Clarisa


Consuelo, 28 Agosti 1988

Kaka,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Moja nadhani ilipotea. Hii nyingine usiseme imepotea.

Mama alianguka bafuni lakini hakuumia, alama tu kwenye goti. Anakuulizia kila siku na mimi ninamtungia salamu zako. Nimekuwa hodari, jana nilimwambia umenenepa.

Habari nimezipatia dukani, tena mbele za watu. Amerudi kijana mmoja wa hapa anayecheza timu ya mji wa jirani yako, akaeleza wakati ninapimiwa mchele. Kwamba Denzil alikuwa raundi ya nane, wapinzani hawajapata pigo hata moja, watazamaji wa ligi ya wakubwa wamekaa nyuma ya wavu, uwanja mzima kimya. Na kwamba kocha akainuka, akamtoa. Kwamba watu walirusha machungwa na vikombe vya bia, na wewe ulifukuzwa kabla taa hazijazimwa.

Fermín akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako. Phipps hakuwahi kupata mchezo kama huo maisha yake yote, ndiyo angemwachia mpwa wake aupate?" Watu wakaitikia. Nikaacha mchele wangu kwenye mizani nikatoka.

Denzil alipiga simu baadaye. Nilimuuliza hali, akasema nzuri. Nilimuuliza mkono, akasema nisianze. Nilimuuliza habari zako, akasema, "Usinitajie mtu huyo." Alikuwa anakuita mjomba hata kwenye usingizi, Osvaldo.

Sasa nakuuliza, na nakuomba usitikise kichwa. Uliona nini?

Clarisa


Monterrey, 17 Septemba 1988

Clarisa mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama, na goti lake. Mwambie kweli nimenenepa, ili usiwe umemdanganya. Barua zako zote zimenifikia. Nilikuwa nazo mfukoni, na kila nilipokaa kuandika niliona ni afadhali nifue soksi.

Nianze na kikombe. Nilikiona. Nilikiona mwezi wa sita, siku mbili baada ya barua yako kufika, asubuhi, kabla hajajua kwamba naangalia. Kushoto. Nikajiambia labda kulia kuna mkate. Asubuhi nyingine hakukuwa na mkate. Nikaacha kunywa kahawa naye, nikawa natoka mapema kwenda uwanjani. Nilikuwa kocha mkuu na nina feni na dirisha, na mtu aliyenipa hivyo alitaka kijana arushe. Nikamwacha arushe. Nilikuwa naogopa, Clarisa. Nimeogopa kufukuzwa tangu nikiwa na umri wa Denzil, na uoga ule haustaafu.

Siku yenyewe alitoka na mpira mzuri sana. Mpaka raundi ya tano kila mtu benchi alishajua, na ndiyo maana hakuna aliyesema. Denzil alikaa mwisho kabisa peke yake kama mwenye ndui. Kila mtu alibaki alipokuwa amekaa, mdakaji wa akiba alibanwa na haja ndogo na hakuthubutu kuinuka. Mimi nilikuwa na mguu mmoja juu ya ngazi, nikauacha hapo mpaka ukafa ganzi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kwa karibu.

Baada ya raundi ya saba akaja, akakaa, akachota maji. Kwa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani na vidole vimekunjika, hauna habari na mtu. Nikatazama huku na huku. Wote walikuwa wanatazama chini. Nikafikiri, hawa nao wameona. Tumeona sote, na kwa sababu ya mila yetu hakuna atakayefungua mdomo, na kijana wa Clarisa atakwisha hapa mbele yetu kwa heshima zote.

Nane ikaanza. Mpira wa kwanza kiwiko kilishuka. Wa pili kikashuka zaidi, akajishika, akajifanya anapangusa jasho. Nikatoka. Don Ramiro alikuwa juu ya benchi letu, nikamsikia, "Phipps, unaenda wapi? Phipps, kaa!" Nikatembea mpaka kwenye kichuguu anaposimama mrushaji na uwanja ule wote kimya, nasikia viatu vyangu tu.

"Nipe mpira," nikamwambia.

"Mjomba, rudi ukakae. Hujui leo ni siku gani?"

"Najua. Nyoosha mkono."

"Umenyooka."

"Unyooshe niuone."

Akauficha nyuma. Akanitazama usoni, akasema polepole wasisikie wengine, "Wewe hukuwahi kuupata. Ndiyo maana." Kisha hakunipa mpira. Aliudondosha chini akaondoka, nami nikainama kuuokota mbele ya watu wote wale, na hapo machungwa yakaanza.

Uliniuliza niliona nini. Niliona kiwiko, naapa. Lakini Denzil alinena neno, na tangu siku ile linanitafuna. Mguu wangu mmoja ulitoka benchi kwa ajili ya mkono wa mwanao. Ule wa pili sijui. Mbona mwezi wa sita sikutoka? Mbona wa saba sikutoka? Mbona nilipata ujasiri siku ileile alipokuwa karibu na kitu nilichokitamani miaka ishirini na nikakikosa?

Tuko Monterrey kwa daktari wa mifupa. Denzil alikataa kuja, nikamwambia ni amri yako, akaja. Humu hospitali tunakaa benchi moja, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, hatusemeshani. Wamempiga picha, tunangoja majibu. Daktari akisema kiwiko ni kizima, mimi ni mjomba mwenye kijicho mpaka nizikwe, na Fermín atamhadithia mbuzi. Akisema kimeharibika, nimesafishwa mimi na ameangamia mtoto. Ninaomba nionekane mwenye kijicho. Ninaomba hivyo kwa moyo wote. Ila kuna dakika, dada, naomba kinyume chake, na dakika hizo ndizo zinazoniogopesha kuliko daktari.

Majibu yakitoka nitampandisha ndege aje kwako. Mimi siji. Nitafute kwanza uso wa kujia.

Osvaldo


Consuelo, 6 Novemba 1988

Kaka Osvaldo,

Salamu zote, na za Mama kwanza. Goti limepona. Tumeshaloweka matunda ya guavaberry kwenye pombe kwa ajili ya Krismasi, na vijana wa ngoma wameanza kufanya mazoezi kwenye njia ya kiwandani, kwa hiyo hata Fermín akizima redio yake hatupati amani. Mbuzi wa jirani amezaa pacha. Mama anasema ndiyo maana alikuwa hasikilizi.

Denzil amefika. Karatasi ya daktari nimesomewa na nesi wa hapa, japo najua wewe uliambiwa ana kwa ana. Kano ya kiwiko imelegea na imechanika kidogo, haijakatika. Asirushe mpaka mwaka ujao, halafu Mungu anajua. Nilimuuliza nesi, kama angeendelea raundi ile na iliyofuata ingekuwaje? Akasema hilo hakuna picha ya kulionyesha. Kwa hiyo, kaka, Mungu hakukupa ulichoomba mchana wala ulichoomba kwa siri. Amekuacha katikati, pamoja na sisi.

Kuhusu neno linalokutafuna. Sijui. Labda kijicho kilikuwemo, wewe ni binadamu na umekula karanga kwenye benchi la wakubwa. Nilikukasirikia sana kwa ile miezi miwili ya kikombe, bado nimekasirika, na ukija utanisikia. Lakini nilirudi dukani kuchukua mchele wangu, nikamwambia Fermín, "Mwenye kijicho angenyamaza. Kunyamaza ndiko mlikokuwa mnakutaka wote." Alinipimia mchele kwa hasira, ukazidi kidogo.

Kiapo changu bado kinanifunga, na nilichoambiwa siku ile kwenye simu sitakisema mpaka aliyeniapisha anifungue. Nilimwambia Denzil hivyo. Nikamwambia kuna mtu mmoja duniani anayengoja neno moja, na mimi nimezibwa mdomo. Anakaa uani na mkono kwenye kitambaa, watoto wakirusha mpira anageuza uso. Ninaogopa hata kumtazama, na sitaki aone kwamba namtazama. Asubuhi namwekea kahawa mezani katikati kabisa, si kulia wala si kushoto, halafu natoka nje. Siwezi kubaki nione.

Leo aliniuliza, "Mama, mtu akitaka kumwandikia Mjomba anaanzaje?"

Nikamwambia aanze na salamu kama watu, halafu habari za nyumbani, na lile lenyewe litakuja.

Amekaa mezani tangu tuliporudi kanisani. Alifungua kitambaa, akashika kalamu kwa mkono wa kulia. Karatasi nimeitia humu bila kuisoma. Kifungo cha kola yako kinakungoja. Njoo na uso wowote ulio nao.

Clarisa


Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo, goti limepona. Mbuzi amezaa pacha. Mvua imenyesha.

Ilikuwa inauma tangu mpira wa kwanza wa siku ile.

Usingenitoa ningemaliza.

Denzil